Mbao Zilizolala

Katika duka moja la vitambaa kwenye barabara ya stesheni mjini Shinyanga kuna kaunta ya mninga ambayo wateja hupenda kuiegemea. Anayepitisha kiganja juu yake hahisi kiungo, na wengi huamini ni ubao mmoja uliotoka katika mti mmoja mkubwa. Si ubao mmoja. Ni vipande vyembamba, kila kimoja upana wa vidole vinne, vilivyoungwa kwa gundi ubavu kwa ubavu mwaka 1966 na watu wawili. Mmoja alikuwa Zakir, mwenye karakana. Wa pili alikuwa Mabula, kijana wa Didia aliyekuja mjini kutafuta kibarua kwenye kiwanda cha pamba, akakikosa.

Anayemtafuta Mabula leo hamkuti tena Shinyanga. Yuko kwenye vilima vya nyuma ya Geita, kwenye mdomo wa shimo la dhahabu, na alikwenda huko kumfuata mwanawe.

Kazi aliyojifunza kwa Zakir ilikuwa moja tu, na wachache waliijua. Ubao mpana wa kipande kimoja hupinda. Ukiuweka juu ya kaunta au ukiufanya kipandio cha ngazi, baada ya mwaka unakuwa kama kigae. Kwa hiyo fundi huuchana vipande, kisha kila kipande cha pili hukigeuza chini juu, ili vikitaka kupinda vishindane vyenyewe kwa vyenyewe. Kingo hupigwa randa mpaka mwanga usipite kati ya kipande na kipande. Halafu huja gundi ya ngozi ya ng'ombe, iliyochemshwa katika sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji. Hupakwa ikiwa moto, na vibano vya chuma hukazwa kabla haijapoa. Inapoa upesi mno. Mmoja hupaka, mwenzake hubana, na hakuna nafasi ya kuambizana fanya hivi au vile. Mtu mmoja hawezi. Watu wawili wasiozoeana mikono hawawezi pia.

Zakir alikuwa na Kiswahili cha dukani, ambacho ndani yake vitu vyote vilikuwa watu. Mbao zilizotoka msitu wa Kahama alizipanga darini, juu ya karakana, akiweka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na huko zilikaa kiangazi kizima, wakati mwingine viwili. Hapo ndipo alipokubali kwamba zimelala. Kabla ya kuzishusha aliuliza swali lilelile.

"Mabula, hii mbao amelala?"

"Amelala, bwana Zakir."

"Leta shavu."

Mabula aliweka shavu kwenye ubao. Mti wenye maji ndani huwa baridi shavuni hata mchana wa jua kali. Mti uliokauka huwa kama nguo. Zakir naye aliweka lake, akafumba macho, na mara nyingi alitikisa kichwa.

"Hii hajalala bana. Hii amefumba macho tu. Rudisha juu."

Hivyo ndivyo neno hilo lilivyopata maana yake katika karakana ile. Sharti la pili lilikuwa la mvua. Kuanzia Novemba mpaka Aprili Zakir hakuunga kitu. Alitengeneza milango, akanoa misumeno, akagombana na mkewe Rubab kuhusu moshi wa gundi, lakini sufuria zenyewe ziliinamishwa rafuni mpaka udongo wa uani upasuke.

Mwaka 1972 Zakir na Rubab waliondoka kwenda kwa ndugu zao Uingereza. Majengo ya kupangisha yalikuwa yametaifishwa mwaka uliotangulia, na Zakir hakuwa tena na moyo wa kukaa. Aliwaaga majirani haraka haraka. Kwa Mabula aliacha vibano vyote, sufuria zote, na mbao za darini. "Wewe usitumie mbio mbio," alisema akiwa tayari ndani ya gari. "Wacha alale." Mabula alibeba kila kitu kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka mtaa wa Ngokolo, akajenga banda la mabati.

Mikono ya pili ilikuja kuwa ya mwanawe. Paskazia, mke wa Mabula, hakujua ana mimba mpaka mtoto alipocheza tumboni, na mtoto akaitwa Sikujua. Alipomaliza darasa la saba aliingia bandani, na baada ya misimu michache baba na mwana walikuwa wakiunga bila kusemezana, kama Mabula alivyokuwa akifanya na Zakir. Mabula alisema mara nyingi, na Paskazia anakumbuka, kwamba hakumfundisha mtoto yule. Alimpisha tu akae upande wa pili wa meza.

Kisha mambo yakawa magumu, kama yalivyokuwa kwa kila mtu. Malori yalikosa mafuta na mbao za Kahama hazikufika. Mbao za Zakir ziliisha. Maduka ya Shinyanga hayakuwa na sukari wala sabuni wala khanga; mwenye duka asiye na cha kuweka juu ya kaunta hahitaji kaunta. Mwaka 1981 Sikujua alipanda lori la watu waliokuwa wakienda Geita kuchimba. Hakugombana na baba yake. Alisema tu, "Baba, hapa naangalia gundi ikipoa."

Mabula alijaribu kuunga na jirani, gundi ikapoa kabla vibano havijafika katikati. Alijaribu na mkewe.

"Baba Sikujua, mimi niliolewa na wewe," Paskazia alisema akiwa na gundi mpaka viwikoni, "sikuolewa na sufuria hii."

Baada ya hapo Mabula alitengeneza vigoda na vitanda vya misumari, kazi ambayo nusu ya wanaume wa Ngokolo waliiweza.

Wachimbaji wa Geita hushuka ardhini kwa mashimo wanayoyaita maduara, na maduara hujaa maji ya mvua. Kwa hiyo kila masika Sikujua alirudi nyumbani, na kila kiangazi kilipoanza aliondoka. Desemba 1983 alirudi na kovu jipya begani. Mama yake alipouliza, alisimulia habari ya rafiki yake Maduhu, kwa sauti ya mtu anayesimulia mechi.

"Tunaegemeza mwamba kwa magogo, mama. Matimba. Sasa timba likiwa bichi, linakauka humo humo, linanywea. Unaliangalia limesimama, kumbe limeacha mwamba kwa upana wa ukucha. Maduhu alikuwa anakula muhogo. Mwamba ukashuka."

"Na wewe?" Paskazia aliuliza.

"Mimi nilikuwa nimeinuka kuchukua chumvi."

Siku zilizofuata Mabula hakupiga nyundo. Alikaa mlangoni mwa banda akimtazama mwanawe akichonga mpini wa sururu. Mwishowe alimwambia asirudi. Sikujua hakukasirika; aliendelea kuchonga.

"Nikae nishike nini, baba? Vigoda?"

"Kazi ikipatikana?"

"Kazi ya watu wawili," Sikujua alisema. "Ya kweli, kama ya zamani. Ukinipa hiyo, sururu hii nampa mama apalilie."

Mabula hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Alikuwa na muda wa masika tu. Maji yakikauka duarani, mwanawe angekwenda, na huenda angekuwa yeye anayekula muhogo.

Kazi aliipata Geita kwenyewe, kwa mfanyabiashara wa Kihaya aliyeitwa Donatus. Donatus alikuwa akijenga nyumba ya ghorofa moja: duka chini, vyumba vya wageni juu. Alikuwa ameona Bukoba ngazi ya mbao ndani ya nyumba ya padri, pana, yenye vipandio laini kama meza, na tangu hapo hakutaka ngazi ya saruji.

"Lakini sikiliza, fundi Msukuma," alisema akimzunguka Mabula kama anayenunua ndama. "Mimi nataka ngazi. Sitaki kitanda mlichokisimamisha."

"Utapata ngazi, mzee Donatus."

"Isilie. Mgeni akipanda nisisikie hata kwi."

"Haitalia."

Donatus aliweka sharti na ahadi. Sharti lilikuwa kwamba ngazi iwe tayari kabla mvua haijakatika, kwa sababu wachimbaji wakirudi kazini ndipo vyumba vinapopata watu. Ahadi ilikuwa kwamba ngazi ikipita kiangazi kimoja bila kasoro, fundi na mwanawe watapewa kaunta ya duka, na baadaye ngazi na kaunta za nyumba nyingine aliyokusudia kuijenga Katoro. Hiyo ilikuwa kazi ya miaka, na ilikuwa ya watu wawili. Mabula alikubali yote mawili akiwa amesimama kwenye matope.

Mbao zilipatikana kwa Herman, mpasua mbao wa njia ya Biharamulo. Asubuhi hiyo manyunyu yalikuwa yakianguka. Mninga ulipangwa kando ya barabara chini ya turubai lililotoboka, na Herman alikuwa akiota moto wa maranda.

"Mwangaluka," Mabula alimsalimia.

"Mwangaluka, mzee. Karibu, mninga huo, hauna hata jicho la fundo."

"Zimelala?"

Herman alicheka, akatema mate motoni. "Zimelala, mzee wangu! Zimelala mpaka nimezichoka."

Herman hakudanganya. Kwa mwenye kuuza, mzigo usionunuliwa umelala. Lori lake lilikosa dizeli, wateja walikosa usafiri, na mbao zile zilikuwa zimekaa pale kando ya barabara, mvua ikizinyeshea, tangu zilipotoka msumenoni mwezi uliotangulia. Hakuwahi kufika karakana ya Zakir na hakuna aliyemwambia kwamba kuna kulala kwa aina nyingine. Mabula aliuliza swali la Zakir, akapewa jibu la Herman.

Aliweka shavu. Ubao ulikuwa baridi. Akauacha, akajaribu wa pili, nao ukawa baridi. Alisimama kidogo pale kwenye manyunyu. Paskazia, ambaye baadaye aliambiwa haya na mumewe mwenyewe, anasema Mabula alijiambia kwamba ni ubaridi wa asubuhi. Akapakia.

Waliunga uani kwa Donatus, chini ya mabati, mvua ikipiga juu mpaka watu wapige kelele ili wasikilizane. Kipandio cha kwanza kabisa Mabula alikitengeneza kwa ubao wa Zakir, wa mwisho uliobaki, ambao kwa miaka alikuwa ameutumia kama rafu ya kuwekea gundi. Kilichofuata na vyote vilivyobaki vilitoka kwa Herman. Sikujua alishika kipande, akakigeuza, akaangalia mvua.

"Baba, tunaunga masika? Zakir angezirai."

"Zakir yuko Uingereza. Kule kunanyesha mwaka mzima. Unadhani hawaungi?"

Sikujua alicheka. Kisha, kwa kuwa alikuwa fundi naye na swali lilikuwa la kazi, akauliza, "Hizi zimelala?"

"Zimelala," Mabula alisema.

Kijana hakuweka shavu. Aliyejibu alikuwa baba yake.

Wote waliowaona siku hizo wanasema walikuwa watu wawili wenye furaha. Mabula alipaka, Sikujua akabana. Mkono wa baba ulipoinuka mkono wa mwana ulikuwa umeshafika. Euphrasia, mke wa Donatus, aliacha mchele jikoni akaja kuangalia. Alisema hajapata kuona wanaume wakifanya kazi bila kutukanana.

"Tunatukanana kimoyomoyo, mama," Sikujua alimjibu.

Ngazi ilisimama Aprili. Donatus alipanda na kushuka akiwa na gunia la chumvi begani, akaruka juu ya kila kipandio kama mtoto, akasikiliza. Haikulia. Maji yalikauka maduarani, malori ya wachimbaji yakapita Shinyanga yakiimba, na Sikujua hakupanda lolote. Sururu alimpa mama yake. Mwezi Mei na Juni alikwenda mwenyewe msitu wa Kahama kwa baiskeli, akaleta mbao kidogo kidogo, akatengeneza dari ndani ya banda la Ngokolo, akazipanga na vijiti kati yake. Alizungumza habari ya kaunta ya Katoro kana kwamba ameshaiegemea. Paskazia anasema katika ndoa yake yote hakuwahi kupika chakula kingi kama miezi ile.

Kiangazi cha Geita si kikali kama cha Shinyanga, lakini kinatosha. Mwishoni mwa Julai dereva wa lori alisimama Ngokolo akapiga honi. "Donatus anasema njooni. Ngazi inalia."

Haikuwa ikilia tu. Mchana, jua lilipogonga bati la ghorofa, vipandio vilipasuka kimoja baada ya kingine kwa mlio mkavu. Euphrasia alisema mara ya kwanza alijilaza sakafuni akidhani ni bunduki. Sasa alikuwa amekaa kwenye gunia, kifundo cha mguu kimefungwa kwa kitenge. Kipandio kilikuwa kimefunguka katikati alipokuwa akishuka na beseni la nguo.

Mabula na Sikujua walisimama chini ya ngazi. Mti ulikuwa umenywea, vipande vikavutana, na gundi iliyopakwa juu ya maji haikushika upande wowote. Mwanga wa dirisha la juu ulipita kati ya kipande na kipande, ukaanguka sakafuni mistari mistari. Kipandio cha chini kabisa, cha ubao wa Zakir, ndicho pekee kilichobaki kizima.

"Fundi," Donatus alisema, si kwa hasira, "mimi sikukuomba chanuo."

Hakuna aliyecheka. Sikujua alitoa kijiti cha kiberiti mfukoni, akakipitisha kwenye ufa. Kikapita. Akapitisha kisu. Akapiga goti, akaweka shavu kwenye kipandio kilichofuata kile cha Zakir. Mti ulikuwa umekauka sasa. Shavu halikuwa na cha kumwambia. Alipoinuka alimgeukia baba yake.

"Baba. Ulijua zilikuwa mbichi?"

Mabula alifungua mdomo. Donatus na mkewe walikuwa wakimtazama, na mwanawe alikuwa akimtazama kwa namna ambayo hajawahi kumtazama.

"Sikujua," alisema.

Kijana alingoja, kama mtu aliyeitwa jina na anangoja aambiwe alichoitiwa. Kisha akaelewa kwamba hakuitwa. Alikuwa amejibiwa. Alitazama chini, kwenye ile mistari ya mwanga, na kila aliyekuwepo aliona kwamba hakuamini.

Hawakugombana hata hapo. Sikujua alikusanya vibano vilivyokuwa vimebaki uani, akavifunga kwa kamba, akavipakia kwenye lori la kurudi Shinyanga pamoja na baba yake. Yeye mwenyewe hakupanda. Alitembea kwa miguu kuelekea vilimani, bila sururu.

Mabula alimwambia mkewe ukweli jioni aliyofika, wakiwa jikoni: manyunyu, mbao, shavu, ubaridi. Paskazia aliendelea kuchochea moto.

"Ungengoja," alisema.

"Ningengoja angeondoka."

"Sasa yuko wapi?"

Mabula alitoka akaenda bandani. Mbao alizopanga Sikujua zilibaki darini. Kila alipoingia bandani alizikuta zikikauka vizuri, hakuna hata moja iliyopinda, na hakukuwa na mtu wa upande wa pili wa meza. Alikaa hivyo Agosti na Septemba. Mwanzoni mwa Oktoba alivaa koti lake la kanisani. Paskazia alimfungia viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, akamwambia neno moja mlangoni: "Usirudi peke yako."

Duara alilochimba Sikujua lilikuwa kwenye mteremko usio na mti hata mmoja. Miti yote ilikuwa imeshaingia ardhini. Mdomoni kulikuwa na wanaume wanne na kamba, na rundo la mbao. Mabula alizitambua kabla hajafika. Donatus alikuwa amejenga ngazi ya saruji, akavitupa vipandio nyuma ya nyumba, na wachimbaji walikuwa wamevibeba. Vipande vya mninga vilikuwa vimelala juani vikiwa bado na rangi ya gundi kwenye kingo.

"Mzee, unatafuta nani?" mshika kamba aliuliza.

"Sikujua."

"Hujui?" Wenzake waliangua kicheko. Utani huo ulikuwa wa zamani pale. Kisha mmoja akaangalia koti, akaangalia uso, akanyamaza. Aliinama shimoni akapaza sauti. "We Sikujua! Baba yako yuko huku juu!"

Kwanza ulirudi mwangwi. Halafu sauti ikapanda, ndogo, kana kwamba inatoka ndani ya mtungi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Amesema nisirudi peke yangu."

Nyundo zilisikika zikigonga mwamba, za watu wengine.

"Nitakuja mvua zikianza," Sikujua alisema.

"Toka leo. Mbao zako zimelala. Nimeziangalia mwenyewe, kwa shavu."

Nyundo ya Sikujua iligonga mara mbili. Aliposema tena ilikuwa sauti ya kazi. "Huku tumetangulia mbele ya matimba. Mwamba uko wazi juu yetu. Shusheni mbao, haraka."

Mshika kamba alimtazama Mabula. Mtu anayechimba chini ya mwamba ulio wazi hapandi kwa sababu ya maneno. Ana jiwe la dhahabu analolifuata, na hawezi kuwaachia wa zamu nyingine. Mabula alielewa hilo pale pale. Alivua koti, akaliweka chini, akaanza kufunga vipandio vyake kwenye kamba. Kimoja kilikataa kugawanyika alipokipiga kwa shoka ili vipande vienee shimoni. Kilikuwa cha ubao wa Zakir. Akakishusha kizima.

"Baba," sauti ilisema kutoka chini, na wale wa juu walicheka wakidhani ni mzaha, "hizi zimelala?"

"Zimelala."

Na ilikuwa kweli. Zilikuwa zimekauka kiangazi chote, ndani ya nyumba ya Donatus na nyuma yake. Vipandio viliisha. Mwamba ulikuwa bado haujaegemezwa wote, na Sikujua aliomba gogo moja la kusimamisha katikati, nene. Kilichokuwa kimebaki kwenye rundo ni shina la mti uitwao mtundu, lililokatwa asubuhi ile bondeni. Vitawi vyake vilikuwa bado na majani.

Mabula alilitazama. Alitazama mteremko mzima, kama kulikuwa na kitu kingine. Hakikuwepo. Bila gogo lile mwamba ungebaki wazi, na wao wangeendelea kuchimba chini yake. Kwa gogo lile ungeegemezwa mpaka gogo linywee. Alilifunga kamba.

"Na hilo?" Sikujua aliuliza. "Limelala?"

Mabula alipiga goti mdomoni mwa shimo, akaweka shavu kwenye gogo. Lilikuwa baridi.

"Limelala," alisema, na akalishusha.

Tangu siku hiyo hajarudi Didia wala Ngokolo. Kila asubuhi ya kiangazi hukata mti bondeni, huuweka shavuni, huutuma chini kabla wa jana haujanywea, na jioni hukaa karibu na kamba mpaka Sikujua atoke. Wanasalimiana.